Dumu la Maji na Kadi ya Grafiki: Nani Ashike Mizani?

Marehemu baba yangu hakuwahi kupeleka pamba kituoni bila madumu mawili. Wakati huo Mwamapalala ilikuwa ndani ya Wilaya ya Bariadi, Mkoa wa Shinyanga. Leo imo katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, lakini jua, vumbi na pamba ni vilevile. Usiku wa kuamkia siku ya mauzo alijaza dumu moja kwa chupa ya lita moja, akihesabu kwa sauti hadi ishirini. Dumu la pili, lililofanana na la kwanza, aliliacha tupu. Asubuhi, kabla gunia lake hata moja halijapanda kwenye mizani, aliomba yapimwe madumu yote mawili. “Tofauti yake, bwana karani, lazima iwe kilo 20,” alisema kwa upole. Msimu mmoja mizani ilionyesha tofauti ya kilo 17. Karani akasema mizani imechoshwa na joto. Baba akamjibu kwamba mizani iliyochoshwa na joto ingekosea leo kwa mkulima na kesho kwa mnunuzi, lakini hii hukosea upande mmoja tu. Akapakia magunia yake kwenye mkokoteni na kurudi nyumbani.

Nimemkumbuka mzee huyu kwa sababu ya aibu yangu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mimi mwenye shahada ya uzamivu niliketi kwenye kamati ya ukaguzi na mapokezi ya vifaa katika taasisi ambayo sitaitaja. Tulipokea kompyuta mpakato 20 zilizonunuliwa kwa fedha za umma kwa ajili ya maabara ya uchambuzi wa picha. Masharti ya zabuni yalitaja jina la kadi ya grafiki iliyotakiwa. Nikawasha kompyuta moja, nikasoma jina kwenye kioo, nikalilinganisha na jina lililoandikwa kwenye hati, nikaona yanafanana, nikatia saini. Hakuna aliyekuja na dumu la maji, nami ndiye niliyepaswa kuja nalo.

Baada ya wiki chache alinijia mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Alikuwa akifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya majani ya pamba kwa kutumia picha alizopiga mashambani Simiyu. “Shikamoo, Dokta,” alianza, kisha akanyamaza kama mtu anayeogopa kumkosea mkubwa wake. Mwishowe akasema kazi aliyotarajia imalizike kwa usiku mmoja inachukua siku mbili, na kwamba mashine huanza kwa kasi, kisha baada ya dakika kumi hupoa kasi huku ikipata moto. Tulipochunguza tukabaini kwamba jina la kadi lilikuwa sahihi kabisa. Kilichopungua ni umeme ulioruhusiwa kuifikia kadi hiyo ndani ya lile umbo jembamba la kompyuta. Mzabuni alileta kile tulichokiandika, wala hakuvunja sharti hata moja. Uzembe ulikuwa wetu, kwa kuwa tuliagiza jina tukalipwa jina.

Ndugu msomaji, huenda unajiuliza kwa nini mwandishi wa siasa na jamii anahangaika na kadi za grafiki. Hicho si kifaa cha vijana wanaocheza michezo ya kompyuta hadi usiku wa manane? Hilo ndilo kosa la kwanza ninalotaka kulipinga. Kadi ya grafiki ilibuniwa kwa ajili ya kuchora picha kwenye kioo, lakini kwa kuwa hufanya maelfu ya hesabu ndogondogo kwa wakati mmoja, leo ndiyo jembe la akili bandia, la ramani za ardhi, la michoro ya wahandisi, la uchambuzi wa picha za satelaiti na za hospitali. Ofisa ardhi wa halmashauri anayeunganisha picha za droni kuwa ramani anaihitaji. Mhandisi anayechora daraja katika pande zake tatu anaihitaji. Kijana anayetaka Kiswahili, au Kisukuma, kieleweke kwa mashine anaihitaji kuliko wote. Mwaka 2021 Tanzania ilianza mradi wa mageuzi ya elimu ya juu kwa uchumi, maarufu kama HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na sehemu ya fedha za aina hiyo huishia kwenye maabara na vifaa vya TEHAMA. Mkopo huo utalipwa na mkulima wa pamba kama watakavyoulipa wengine. Anayo haki ya kuuliza kama kilichonunuliwa kinafanya kazi iliyonunuliwa.

Kosa la pili ni kuamini kwamba jina linatosha. Nitoe mifano iliyo wazi kwa kila mtu. Mwaka 2018 kadi iitwayo GeForce GT 1030 iliuzwa kwa sura mbili chini ya jina moja. Sura ya awali ilitumia memori ya aina ya GDDR5 na iliweza kupitisha takriban gigabaiti 48 za data kwa sekunde. Sura iliyofuata ilitumia memori ya DDR4 na ilipitisha takriban gigabaiti 17 tu. Jina lilibaki lilelile, lakini upana wa barabara ulikuwa chini ya nusu. Katika kompyuta mpakato mambo ni magumu zaidi: kadi ya GeForce RTX 3060 ya mwaka 2021 iliruhusiwa kufanya kazi popote kati ya wati 60 na wati 115, kwa kadiri mtengenezaji wa kompyuta alivyopenda. Ofisa ununuzi anayeandika “RTX 3060” peke yake katika masharti ya zabuni amekuwa kama mtu anayeagiza “gunia la mahindi” bila kutaja kilo. Sisi tunaolijua neno lumbesa tunaelewa vizuri gunia lisilo na kilo humnufaisha nani.

Halafu wapo walaghai halisi. Masoko ya mtandaoni yalijaa kadi kuukuu zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili zijitambulishe kwa majina ya kadi mpya. Ukiiuliza kompyuta, itakuambia jina la uongo kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nayo imedanganywa. Tatizo lilikua kiasi kwamba mwaka 2018 programu ya GPU-Z, itumiwayo na mafundi duniani kote kusoma sifa za kadi, iliongezewa uwezo wa kutambua kadi bandia za Nvidia. Kwa hiyo kusoma jina kwenye kioo, kama nilivyofanya mimi, si ukaguzi. Ni kumwuliza mshitakiwa kama ameiba.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi: kuamini kwamba namba zilizotangazwa na mwenye kuuza ni kipimo. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Historia ya kadi za grafiki inaithibitisha methali hii kwa ushahidi ambao mwanafunzi yeyote wa utawala bora angepaswa kuusoma.

Mwaka 2001 wapimaji waliikagua kadi ya Radeon 8500 ya kampuni ya ATI kwa kutumia mchezo wa Quake III, ambao wakati huo ulikuwa kipimo kikuu cha kasi. Walibadili jina la programu ya mchezo, wakaandika “quack” mahali pa “quake”, bila kugusa kitu kingine chochote. Kasi ikashuka na picha zikawa nzuri zaidi. Maana yake ni kwamba draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ilikuwa ikilisoma jina la kipimo, na ilipolitambua ilipunguza ubora wa picha ili ipate namba kubwa. Kwa haki ya kampuni niseme kwamba draiva iliyofuata ilirudisha ubora wa picha bila kupoteza kasi nyingi. Lakini somo limebaki: anayejua anapimwa hujipamba.

Mwaka 2003 ikaja zamu ya mpinzani wake. Kampuni ya Futuremark, iliyotengeneza programu ya kupimia iitwayo 3DMark03, ilitoa taarifa mwezi Mei kwamba draiva za Nvidia zilikuwa na mbinu za kuitambua programu hiyo. Katika kipimo kile kamera hupita njia ileile kila mara. Draiva ilijua njia hiyo, ikaacha kuchora vitu ambavyo kamera isingeviona. Wapimaji walipoitoa kamera nje ya njia yake, picha ikavurugika. Futuremark ilipotoa toleo lililozizuia mbinu hizo, ilitangaza kwamba alama za kadi ya GeForce FX 5900 Ultra zilishuka kwa hadi asilimia 24.1. Alama za kadi ya ATI nazo zilishuka, kwa karibu asilimia 2, na ATI ikaahidi kuiondoa mbinu yake. Kisha likatokea jambo ambalo sisi wa huku tunalifahamu vizuri mno: siku chache baadaye Futuremark na Nvidia zilitoa tamko la pamoja, na kilichoitwa udanganyifu kikapewa jina la “uboreshaji”. Katika nchi ambayo wizi huitwa upotevu na uzembe huitwa changamoto, msomaji hahitaji kuelezwa zaidi.

Naweza kuendelea. Mwaka 2014 kadi ya GTX 970 ilitangazwa kuwa na gigabaiti 4 za memori. Watumiaji waliopima wenyewe wakagundua kwamba gigabaiti 3.5 zina kasi na nusu iliyobaki inajikokota; mwaka 2016 shauri lilimalizwa nchini Marekani kwa ahadi ya dola 30 kwa kila kadi. Mwaka 2018 simu kadhaa za Huawei ziliondolewa kwenye orodha ya kipimo cha 3DMark kwa kuongeza kasi kila zilipoitambua programu ya kupimia. Na ukidhani ugonjwa huu ni wa kompyuta tu, mkumbuke Volkswagen mwaka 2015: magari takriban milioni 11 yaliwekewa programu iliyotambua kwamba gari lipo kwenye kipimo, ikapunguza moshi, kisha ikauachia barabarani. Huo ni mtihani uliovuja. Mwanafunzi aliyeyaona maswali jana hupata alama za juu leo, na siku ya kazi hujulikana.

Je, basi tukate tamaa na vipimo? La hasha. Kila udanganyifu niliotaja ulifichuliwa na kipimo kingine kilichofanywa na mtu asiye na maslahi. Mizani mbovu hutambuliwa kwa dumu la maji. Swali ni nani amelileta, na amelijaza vipi.

Wasukuma tuna historia katika jambo hili, na inanishangaza kwamba hatuisomeshi vyuoni kama sehemu ya elimu ya teknolojia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamechoka kuibiwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Kabla ya kudai viwanda, kabla ya kudai uhuru, walidai uzani. Waliweka wapimaji wao wenyewe, watu wanaoaminika na wanaojua kusoma mizani, wakawalipa ili wasimame kando ya mnunuzi na kupima upya. Kutokana na vuguvugu hilo, likiongozwa na Paul Bomani, vilikua vyama vya ushirika vilivyounda Shirikisho la Victoria mwaka 1955, mojawapo ya taasisi kubwa za kiuchumi za Waafrika za wakati wake. Bei ya pamba ya dunia hawakuipanga wao, wala viwanda vya nyuzi vya Uingereza havikuwa vyao. Kilichokuwa mikononi mwao ni kudai kwamba kilo iwe kilo. Nao walianza hapo.

Leo uzani wa pamba unalindwa na Sheria ya Vipimo, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuipiga mhuri. Karani hawezi kusema mbele ya hakimu kwamba mizani yake ni sahihi kwa sababu kiwanda kilichoitengeneza kimesema hivyo. Lakini kompyuta za mamilioni ya shilingi zinaingia kwenye taasisi za umma kwa ushahidi wa karatasi ya matangazo. Sheria ya Ununuzi wa Umma inatutaka tupate thamani ya fedha, na kanuni za ununuzi kwa muda mrefu zimetukataza kuandika masharti yanayoipendelea nembo fulani pale ambapo sifa zinaweza kuelezwa kwa utendaji. Ukiyaweka masharti haya mawili pamoja, jibu ni moja tu: andika kazi unayotaka ifanyike, kwa muda gani, kisha ipime. Sheria haitukatazi kupima. Tunachokosa ni mazoea, na mara nyingine nia.

Sasa nieleze ninachomaanisha ninaposema kipimo cha haki, maana neno haki limechakaa kwa kutamkwa.

Kwanza, kazi yenyewe ndiyo iwe kipimo. Kumnunulia mhandisi kadi kwa alama za mchezo wa kompyuta ni sawa na kumchagua ng'ombe wa maziwa kwa kumkimbiza. Kama maabara itaunganisha picha za droni, ipimwe kwa picha za droni. Kama itafundisha mifano ya akili bandia, ipimwe kwa kufundisha mfano mdogo wa aina hiyohiyo. Pale panapohitajika kipimo cha jumla, zipo programu za bure na za wazi, kama ile ya kupimia uchoraji wa Blender, ambazo kila mzabuni anaweza kuziendesha dukani kwake kabla hajaomba.

Pili, mengine yote yawe sawa. Kadi mbili zilinganishwe kwa prosesa ileile, memori ileile, mfumo endeshi uleule, draiva zenye tarehe inayojulikana, ukubwa uleule wa picha na ubora uleule. Ukilinganisha kadi moja kwenye kompyuta mpya na nyingine kwenye kompyuta kuukuu, umepima kompyuta. Ukiacha mpangilio unaoifunga kasi ya picha kwenye kasi ya kioo, kadi kali na kadi dhaifu zitaonekana pacha, kwa sababu umepima kioo.

Tatu, kipimo kirudiwe. Mzunguko wa kwanza mara nyingi ni wa kuandaa mafaili, nao huenda taratibu, uachwe. Iendeshwe mizunguko isiyopungua mitano inayofuata, na matokeo yote yaandikwe, si lile lililopendeza. Kama mizunguko inatofautiana sana, usitafute wastani. Tafuta kwanza sababu.

Nne, wastani usiaminiwe peke yake. Chukua mfano huu wa hesabu. Kadi moja inatoa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ikichukua takriban milisekunde 17. Kadi nyingine inatoa fremu 59 katika nusu ya kwanza ya sekunde, kisha fremu moja iliyobaki inakula nusu nzima ya pili. Zote mbili zina wastani wa fremu 60 kwa sekunde. Lakini mtumiaji wa kadi ya pili ataona picha ikikwama kila sekunde kama gari linaloishiwa mafuta. Ndiyo maana tangu mwaka 2011, baada ya kazi ya mwandishi Scott Wasson wa The Tech Report, wapimaji makini hupima pia muda wa kila fremu, na hutangaza zile asilimia chache zilizo mbaya zaidi. Sisi tunaosikia kila mwaka kuhusu wastani wa pato la taifa tunajua ni watu gani hufichwa ndani ya wastani.

Tano, kipimo kidumu, na kifanyike katika hali yetu ya hewa. Kadi nyingi hutamba kwa dakika tano za kwanza, kisha joto likizidi hujipunguzia kasi ili zisiungue. Mpimaji wa Ulaya aliye kwenye chumba chenye kiyoyozi hawezi kukuambia mashine hiyo itafanya nini Bariadi mwezi Oktoba, mchana, dirisha likiwa wazi na vumbi likiingia. Iendeshwe nusu saa au zaidi, joto la chumba liandikwe, na umeme upimwe kwenye soketi. Kama tungefanya hivi, kompyuta 20 nilizozipokea zingekataliwa kabla ya saa sita mchana.

Sita, bei iingizwe kwenye hesabu. Tuseme kadi ya shilingi milioni 2 inamaliza kazi kwa dakika 10, na ya shilingi milioni 3 inaimaliza kwa dakika 8. Umeongeza gharama kwa nusu, umeokoa moja ya tano ya muda. Huenda inafaa, huenda haifai, inategemea kazi. Lakini bila namba hizi mbili, neno thamani ya fedha ni pambo la hotuba.

Saba, na hili ndilo la kisiasa: nani ashike mizani? Asiwe mzabuni peke yake, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Asiwe ofisa ununuzi peke yake, kwa sababu ambazo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huziandika kila mwaka. Wawepo watumiaji halisi: mwalimu, mwanafunzi, fundi. Mashine za kupimwa zichaguliwe kwa bahati nasibu kutoka kwenye shehena iliyofika, si ile moja iliyoletwa kwa mkono na kuandaliwa. Utaratibu wa kipimo utangazwe tangu siku ya zabuni, lakini sehemu ya data itakayotumika ibaki kwenye bahasha hadi siku yenyewe, ili pasiwe na kamera inayopita njia inayojulikana. Mzabuni awe na haki ya kushuhudia, kuona namba ghafi na kupinga kwa hoja. Kipimo kinachomwonea muuzaji si cha haki pia, na baba yangu hakuwahi kudai kwamba kilo 20 zisomwe 22. Mwisho, matokeo yatangazwe, ili halmashauri ya Meatu isirudie kosa lililokwisha kufanywa na chuo cha Dar es Salaam.

Nimeyaeleza haya kwenye vikao zaidi ya kimoja, na majibu huwa matatu. La kwanza: “Utatuchelewesha, Daktari, mwaka wa fedha unaisha Juni.” Mnajua kwamba mwaka wa fedha huisha Juni tangu Julai. Kipimo ninachokieleza hakizidi siku mbili, nazo ni chache kuliko siku zinazopotea kila wiki kwa mwanafunzi anayesubiri mashine iliyolemewa.

La pili: “Hatuna wataalamu.” Tunao. Wamekaa kwenye madarasa yangu, wakifanya mazoezi ya kubuni juu ya data za kubuni, wakati maabara ya chuo chao inanunuliwa kwa siri kana kwamba ni silaha. Wapeni kazi hiyo chini ya usimamizi, na mtapata kipimo pamoja na somo la uraia ambalo hakuna mhadhara wangu unaoweza kulitoa.

La tatu hutolewa kwa sauti ya chini, baada ya kikao: “Ukipima sana, wazabuni watakukimbia.” Watakimbia baadhi. Karani yule wa pamba naye alilichukia dumu la baba. Lakini msimu uliofuata alikuja mnunuzi mwingine aliyelipokea dumu kwa mikono miwili na kuliweka mwenyewe kwenye mizani, na nusu ya kijiji ikamuuzia yeye. Muuzaji mwaminifu hapotezi chochote kwa kupimwa. Anayepoteza kwa kutopimwa ni yeye, kwa sababu kwenye karatasi anafanana na mlaghai, na mlaghai ana bei ya chini.

Kwa hiyo nawasemea watu wa aina tatu. Wanafunzi, msiridhike na kulalamika kwenye makundi ya simu kwamba maabara ni mbovu. Pimeni, mkiandika tarehe, draiva, joto na mizunguko yote, kisha mpeleke karatasi hiyo kwa mkuu wa idara. Malalamiko hujibiwa kwa ahadi. Namba zilizopimwa vizuri hudai majibu. Wanaharakati, mnaofuatilia barabara na madawati, ongezeni kwenye orodha yenu vifaa vya TEHAMA, maana humo shilingi hupotea bila kuacha shimo linaloonekana. Nanyi watumishi wa umma mnaoketi kwenye kamati za mapokezi, kumbukeni kwamba saini yenu ndiyo mhuri wa mizani. Msiiweke juu ya kitu ambacho hamkukipima.

Nami nilisaini. Mwanafunzi wangu alimaliza shahada yake akiwa amechelewa muhula mzima, kwa kutumia kompyuta ya mezani aliyoazimwa na fundi mmoja mjini Bariadi, kadi yake ikiwa ya zamani lakini ikipata umeme wake wote. Hakunilaumu hata siku moja, na heshima hiyo inaniuma kuliko lawama. Taasisi ile inajiandaa kununua tena. Safari hii nimeandika barua kuomba kipimo kiwemo kwenye masharti ya zabuni tangu ukurasa wa kwanza, na nimeambatisha utaratibu huu wa hatua saba. Kama hautakubaliwa, jina langu halitakuwa kwenye hati ya mapokezi, na nitaeleza hapa kwa nini.

Madumu ya baba bado yapo Mwamapalala, chini ya ukingo wa paa, yakitumika kwa maji ya kunywa. Chupa ya lita moja ilipotea zamani. Nitanunua nyingine.